Stoo ikijaa mradi umekufa: jinsi ya kupanga mfumo wa kurudisha fanicha kuukuu kazini hapa Kisumu

Kila mtu akisikia hili wazo anasema ni rahisi. Kuna watu wako na viti hawavitaki, kuna watu wanataka viti hawana pesa ya vipya, kuna mafundi wamekaa soko la Kibuye wakingoja kazi, si mnawaunganisha tu basi? Mnakodi stoo, mnaweka bango, mnafungua grupu ya WhatsApp, watu wanaleta, fundi anagonga, mambo yanasonga. Na kweli mwanzoni yanasonga. Alafu baada ya muda unapita pale unakuta stoo imejaa hadi mlango unafunguka nusu, kodi haijalipwa, fundi aliacha kuja juu hakuna mtu alimlipa, na vitu vimebaki ndani ni vile hakuna mtu anataka, kabati la chipbodi limevimba chini, sofa imebonyea katikati, meza ya ofisi haina droo hata moja. Vile vizuri vilienda siku ya kwanza, tena mara nyingi vilienda na wale wale wa kamati.

Naandika hii kufungua hayo mambo pole pole, juu naona watu wengi wakipanga huu mfumo wanaanzia kukusanya, na mimi nafikiri ni lazima tuanzie mlango wa kutokea. Kabla hamjapokea kiti ata kimoja, mjue ni nani anakingoja, atakilipia nini, na kitamfikia kwa usafiri wa nani. Ukianzia hapo maswali mengine yote yanajipanga, ukianzia kukusanya unakuwa umefungua dampo lenye paa.

Kwanza, hizi vitu hutoka wapi. Hapa Kisumu chanzo kikubwa si nyumba za watu kama wengi wanavyodhani, mtu wa kawaida hatupi kiti, anakipeleka ushago, na huko kitakaliwa mpaka kife. Fanicha ya ziada hutoka kwa ofisi, shule, hoteli zikibadilisha sura, makanisa yakijenga jengo jipya, hosteli za wanafunzi kule Maseno mwisho wa mwaka, na miradi ya wafadhili. Hii ya mwisho iliongezeka sana 2025, baada ya Marekani kusimamisha misaada yake mwezi wa Januari, miradi mingi ya huku magharibi ikafungwa, na ofisi ikifungwa wafanyakazi huenda nyumbani lakini meza hazina kwao. Shida ya hivi vyanzo ni kwamba vinakuja kwa mafuriko. Ofisi haikupi kiti kimoja leo na kingine wiki ijayo, inakupa viti arobaini na makabati kumi kesho saa nne, na kama hauna gari ofisi inaita mtu mwingine.

Upande ule mwingine, wa wanaohitaji, haufuati hiyo ratiba kabisa. Mama anaanza biashara ya chai anataka benchi mbili na meza moja ya chini, saa hii. Shule ya msingi iliongezewa wanafunzi wa gredi ya saba tangu Januari 2023, wakati JSS, yaani sekondari ya chini, iliwekwa ndani ya shule za msingi, na ile miili ya miaka kumi na tatu ikajikuta imekunjwa kwa madawati ya watoto wa miaka minane. Familia za Nyando na Kano mafuriko yakipita wanataka vitanda, na huo msimu ukifika wanavitaka wote kwa wiki moja. Kwa hivyo uko na maji mawili, moja linamwagika kwa ghafla na lingine linavutwa kwa ghafla, na haviendi pamoja. Ndio maana watu wanakimbilia stoo. Stoo inaonekana ndio jibu. Lakini fanicha si kama mitumba ya nguo yenye unaweza kufunga bandali moja ya maelfu ya shilingi ikakaa kwa kona, kiti kinabeba hewa nyingi kuliko mbao, unalipia nafasi ya kuhifadhi hewa.

Tufanye hesabu kidogo, na hizi namba ni za mfano tu, weka za mtaa wako. Tuseme kiti cha kulia chakula kikishatengenezwa kinauzwa 700. Mkokoteni kutoka Milimani mpaka Kibuye 200 na amebeba vinne, hiyo ni 50 kwa kiti. Gundi, msasa, vanishi kidogo, 120. Fundi 250. Umebaki na 280. Hapo ni sawa, unaweza ukacheka. Sasa kiweke stoo miezi mitatu, stoo ya elfu sita kwa mwezi yenye inaingiza viti mia moja, kila kiti kinakula 60 kwa mwezi, miezi mitatu ni 180, ongeza soja wa usiku, ongeza vile mvua imeingia kwa paa, na mteja akija anakwambia omera hii imekaa sana nifanyie mia tano. Faida imeliwa na kukaa. Ukarabati haukuwa ghali, ni kungoja ndiko kulikula pesa, na hakuna mtu huweka kungoja kwa bajeti.

Kwa hivyo mimi ningeanza na daftari la maombi kabla ya stoo. Mtu anayetaka kitu anakuja anaandikisha, anaweka kitu kidogo kwa M-Pesa kuonyesha hachezi, hata kama ni mia moja, na anasema anataka nini, urefu gani, wa kutumia wapi. Daftari likijaa oda za benchi, mnaenda kutafuta benchi, na mtu akipiga simu ati niko na kabati tano za vioo mnamwambia asante mzee, tutakuandika, tukipata mtu wa kabati tutakupigia, wacha zikae kwako kwanza. Hilo neno la mwisho ni gumu kulisema juu sisi hatujazoea kukataa zawadi, inaonekana ni kiburi. Lakini vitu vikikaa kwa mwenyewe bado ni vyake na paa ni lake. Picha tatu na vipimo vinatosha kuingia kwa orodha yenu, na hiyo orodha haina kodi.

Sasa tuingie kwa geti, yaani pale vitu vinapokelewa, hapo ndipo kuna utamu wa hii kazi na pia ndipo miradi mingi hulegea. Mtu wa kusimama geti lazima awe fundi, asiwe katibu wa kikundi, na alipwe kwa hiyo kazi ya kuangalia peke yake. Kazi yake ni kusema moja kati ya maneno matatu, hii inatengenezwa, hii inavunjwa vipande, hii irudi nayo. Na awe na ruhusa ya kusema hilo la tatu hata kama aliyeleta ni mheshimiwa.

Anaangalia nini? Kwanza mbao ni gani. Mvule na mahogani hata kikiwa kimevunjika mguu ni mali, hiyo haitoki geti. Saiprasi, ndio mbao ya kawaida ya fanicha zetu, ni nyepesi na inarandika vizuri, inafaa kama viungo havijaoza. Chipbodi ni hadithi nyingine. Ile ni vumbi la mbao limeshikwa na gundi chini ya presha, likinywa maji linavimba na haliwezi kurudi, hata ulikaushe mwaka mzima, na skrubu ya bawaba iking'oka mara moja lile tundu limekuwa unga. Unaweza kusogeza bawaba inchi mbili juu ukapata miaka miwili zaidi, sawa, lakini kabati la chipbodi lenye limevimba chini lisipite geti. Tena lisipelekwe kwa mama wa kukaanga samaki akawashe moto nalo, ile gundi ndani mara nyingi ni ya fomaldehaidi na moshi wake si wa kupikia chakula.

Fanicha za mafuriko zinahitaji macho zaidi, na huku kwetu hilo si jambo la nadra, ziwa lilipanda vibaya 2020 likarudia 2024, na mto Nyando ukivunja kingo maji yanafika mpaka kitandani. Kitanda cha mbao ngumu kilicholala ndani ya maji siku kadhaa kinaweza kupona. Kosa ambalo watu hufanya ni kukitoa na kukianika kwa jua kali la saa saba ili kikauke haraka. Nje ya mbao inakauka na kujikunja wakati ndani bado imeloa, basi inapasuka kwa urefu na hapo umeimaliza mwenyewe. Kioshwe tope, kilegezwe viungo, kiwekwe kivulini penye upepo unapita, vipande viinuliwe kutoka chini kwa matofali, na kiachwe wiki kadhaa. Kama mnataka mfumo ufae wakati wa mafuriko, hicho kivuli ndicho mnachohitaji kuliko stoo, paa la mabati bila kuta, hata uwanja wa kanisa unatosha.

Alafu wadudu. Ukigonga mguu wa kiti ukaona unga laini kama wa ngano unadondoka kutoka kwa vitundu vidogo, hiyo ni mdudu wa mbao, anapenda ile sehemu ya nje yenye wanga, na mkaratusi huathirika sana. Akishaingia stoo anahama. Watu hupaka oili chafu ya gari na kweli mdudu anakimbia, lakini hicho kiti kitakaliwa na mtoto ndani ya nyumba na oili iliyotumika ina sumu zake, mimi siwezi kushauri. Boraksi iliyoyeyushwa kwa maji ya moto ikipakwa kwa mbao isiyo na vanishi inaingia ndani na inafanya kazi, na kama mguu umekuwa sponji, ukate, weka mwingine.

Kunguni ndio wanaweza kufunga mradi kwa siku moja, juu habari ikitoka kwamba vitanda vyenu viliingiza kunguni kwa nyumba ya mtu pale Manyatta, hamtauza tena. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hivyo ile ya kusema tumeweka kitanda pembeni wiki moja hakuna shida, ni kujidanganya. Joto ndio dawa ya maskini, digrii hamsini na kuendelea humuua yeye na mayai yake, lakini joto lifike ndani ya ule mwanya alikojificha, sio juu ya mbao. Kitanda kifunguliwe chote, kila kiungo kimwagiwe maji yanayochemka, kikauke, kikaguliwe na tochi mara ya pili baada ya wiki mbili hivi juu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Magodoro yaliyotumika mimi ningekataa kabisa geti, sina mjadala hapo.

Rangi pia. Kitanda cha mtoto cha zamani chenye kimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, usikipige msasa kikiwa kikavu. Kenya saa hii ina kikomo cha madini ya risasi kwa rangi, sehemu 90 kwa kila milioni, lakini rangi ya kitambo haikujua hiyo sheria, na vumbi lake ni baya sana kwa ubongo wa mtoto. Loweka, tumia msasa wa maji, kusanya matope yake. Au kifanye kitu kingine kisichokaa karibu na mtoto.

Ukarabati wenyewe sitauelezea sana, fundi anaujua. Ila kuna jambo moja la gundi naliona kila mahali. Kiti kikilegea mtu anachukua msumari wa inchi tatu anagonga kwa kiungo. Kiti kinashika mwezi mmoja, alafu ule ulimi wa ndani unapasuka juu msumari umeupasua, na sasa kiti chenye kilikuwa cha kutengenezwa kwa gundi ya shilingi thelathini kimekuwa cha kuni. Gundi nyeupe inahitaji kuingia kwa nyuzi za mbao, haishiki juu ya gundi ya zamani, kwa hivyo lazima ukwangue ile kuukuu mpaka uone mbao, uweke mpya, ukaze, uache mpaka kesho. Hauna klampu, kile kifaa cha kubana mbao? Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe mkanda mrefu, zungushia miguu ukivuta kwa nguvu, inakaza kuliko klampu zingine za dukani. Ndio maana bei ya kutengeneza iwe kwa kila kiti na si kwa saa, na iwe na maana, juu fundi akilipwa kidogo atarudia msumari, na ana haki.

Viti vya plastiki navyo. Watu wanasema havitengenezeki, lakini umewahi kuviona hotelini vimeshonwa na waya mgongoni kama kidonda, na vimekaa miaka. Gundi za kawaida hazishiki ile plastiki, kwa hivyo ni waya na moto, toboa matundu pande zote mbili za ufa kwa msumari wa moto, shona, alafu yeyusha kipande cha kiti kingine cha aina hiyo hiyo juu yake. Ufa ukiwa kwa mguu usishone, mtu ataanguka.

Sofa ndio mgogoro. Kila mtu anataka kuleta sofa na kila mtu anataka kununua sofa, na mimi ningesema mwaka wa kwanza hakuna sofa. Chini ya kile kitambaa hauoni kuna nini, fremu mara nyingi ni vipande vya mbao vya kila aina, sponji imekufa, na ukihesabu sponji mpya nzito, kitambaa, raba na siku tatu za fundi wa makochi umekaribia bei ya mpya. Ata Uingereza, kwenye kuna mashirika ya fanicha kuukuu ya miaka mingi, sofa huwaumiza kichwa, juu ya kanuni za moto za 1988 maduka yao hukataa sofa isiyo na lebo ya usalama. Hapa hatuna shida ya lebo, lakini hesabu bado inakataa. Fremu ikiwa ya mbao ngumu, mtu wa kulipia kitambaa awe amejulikana kabla sofa haijatoka kwa mwenyewe. Kuna kazi nzuri hapo kwa wafumaji wa magugu maji wa kando ya ziwa, kufunga viti vya fremu wazi kwa kamba ya gugu badala ya sponji, lakini hiyo ni biashara ya kujitegemea, iende na watu wake.

Sasa madawati, na hapa sheria inaingia, someni hii sehemu polepole. Watu wengi wanafikiri wataenda shule ya umma, waone yale madawati yamerundikwa nyuma ya darasa mvua inayanyeshea, wamwambie mwalimu mkuu tupe tukatengeneze. Hawezi kuwapa. Ile ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataka kamati ya kuondoa mali ikae, iseme hiki hakifai au kimezidi, alafu kitoke kwa njia zinazotajwa, kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, tenda ya wazi, mnada, kubadilishana na kipya, au kutupwa kwa utaratibu. Tena wafanyakazi wa hiyo taasisi hawaruhusiwi kujiuzia hivi hivi. Mwalimu akiwapa kwa moyo safi anaweza kuulizwa maswali na mkaguzi, na nyinyi mkipatikana na fremu za dawati la shule mnaweza kuonekana wezi. Hasa fremu za chuma, juu biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake na laiseni zake, na 2022 serikali iliifunga kabisa kuanzia Januari mpaka Mei baada ya watu kukata mali ya stima, hivyo hiyo sekta bado inaangaliwa kwa jicho kali.

Njia ya kutoka ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Msichukue madawati. Yatengenezeni pale pale. Shule inabaki mwenye mali, inalipa kazi tu, nyinyi mnaenda na welda, fundi wa mbao na jenereta wakati wa likizo ya Aprili, Agosti au Novemba na Desemba, mnapiga kambi nyuma ya darasa mnatengeneza, hakuna stoo, hakuna usafiri wa kwenda na kurudi, hakuna kamati ya kuondoa mali juu hakuna mali iliyoondoka. Yale ambayo sekondari imezidisha na msingi inayahitaji, hapo ile njia ya kuhamisha kati ya taasisi za umma ndio inatumika, na nyinyi mnasaidia kuandika orodha na kupima, makaratasi ni yao. Kwa maoni yangu hii peke yake ingetosha kuwa mradi mzima, na watu wangeona matokeo haraka kuliko stoo yoyote.

Na mkitengeneza, pimeni watoto. Ulaya wana kiwango cha viti vya shule chenye kila saizi na rangi yake, saizi ya tatu kiti kiko milimita 350 kutoka chini, ya nne 380, ya tano 430, ya sita 460. Hatujalazimika kukifuata lakini kinaonyesha jambo, kati ya mtoto wa gredi ya tatu na kijana wa gredi ya tisa kuna sentimita kumi hivi za kiti, na sentimita kumi kwa skwea tyubu, ile bomba ya chuma ya mraba, ni kipande cha kuchomelea tu. Dawati dogo linaweza kuinuliwa miguu. Dawati la chuma mara nyingi huoza pale chini kabisa penye maji ya kupiga deki hukaa, kwa hivyo unakata ule mguu uliooza, unaunga mrefu zaidi, shida mbili zimeisha kwa moto mmoja.

Pesa na watu. Wenye kupanga hizi vitu hupenda kutaja mifano ya nje, na ni sawa, lakini tuangalie ndani yake. Repair Café ilianza Amsterdam 2009, Martine Postma aliianzisha, watu wanaojua kutengeneza wanajitolea na wewe unakuja na kitu chako mnatengeneza pamoja. Ni nzuri. Lakini yule wa Amsterdam ana mshahara mahali pengine au pensheni. Fundi wa Kibuye akikupa Jumamosi yake amekupa unga wa nyumba yake, na ukiweka watu wa kujitolea kutengeneza bure kando yake umemwibia wateja. Emmaus, iliyoanzishwa na Abbé Pierre nje ya Paris 1949, iko karibu kidogo na sisi, watu wasio na makao waliishi pamoja wakiokota na kutengeneza vitu, wakijilisha kwa jasho lao, yaani kazi ilikuwa ndio lengo na fanicha ilikuwa njia. Ya tatu ni ReTuna kule Eskilstuna, Sweden, jengo la maduka lililofunguliwa 2015 kando ya kituo cha taka cha manispaa. Mtu akileta vitu, wafanyakazi wanachambua pale pale na kugawia maduka yaliyo juu, kila duka linajua aina gani ni yake. Angalia hapo, uchambuzi unalipwa na manispaa, haulipwi na kiti. Hilo ndilo tunaloruka tukinakili.

Na si kwamba sisi hatuna pa kushika. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazipa kaunti jukumu la kuweka vituo vya kuchambua na kurudisha vitu matumizini. Tulioishi na Kachok kwa miaka yote ile, jalala katikati ya jiji karibu na uwanja wa michezo, tunajua kwa nini. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinaweza kwenda kwa kaunti kikasema, hatutaki pesa, tunataka banda na mshahara wa mtu wa geti. Kaunti pia ndio yenye vyuo vya ufundi vya kijijini kwa katiba ya 2010, kwa hivyo wanafunzi wa useremala wanaweza kufanya atachimenti hapo, chini ya fundi anayelipwa, na wao wapewe kitu. Wakitumiwa bure kushusha bei ya fundi, tumerudi pale pale.

Fundi nusu ya malipo apate siku amemaliza kazi, sio siku kiti kimeuzwa. Hii sentensi ndogo ndiyo inayovunja vikundi, juu pesa ya kulipa kabla ya kuuza lazima itoke mahali, na ndio maana nilisema ile amana ya mwenye oda. Amana ya oda kumi, hata ikiwa ni mia mia, inalipa sehemu kubwa ya ile nusu ya fundi kwa viti kumi vya kwanza. Kikundi kama chama cha mzunguko kinaelewa hiyo hesabu vizuri kuliko mtaalamu wa miradi.

Thamani ya mbao nayo isisahaulike. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, mbao zikapanda bei na karakana zikaumia, na hata baada ya rais kutangaza pale Molo Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, hakuna fundi wa huku aliyeniambia mbao imerudi bei ya zamani. Kwa hivyo meza ya ofisi iliyokufa bado ina mbao za kuunda stuli tatu, na jina la kazi hiyo ni kuvunja, sio kutupa.

Daftari la stoo liwe na mambo manne tu, namba ya chaki kwenye kitu, nani alileta na barua yake ya kuonyesha ni chake, fundi gani alikigusa, kilitoka lini kwa bei gani. Barua ni muhimu juu kuna fanicha ya wapangaji iliyoshikwa na landilodi kwa sababu ya kodi, kuna ya marehemu ambayo ndugu hawajakubaliana, na hamtaki kuwa katikati ya hiyo kesi. Wanakamati na jamaa zao wanunue kwa bei iliyoandikwa ukutani na baada ya kitu kuonyeshwa siku tatu, waliosimama kwa foleni wapate nafasi kwanza.

Na kila kitu kiwe na tarehe ya kufa. Siku 30 bila mteja bei inashuka nusu. Siku 45 kinarudi kwa fundi wa geti, hakuna mkutano, anakifungua. Bawaba kwa kopo moja, skrubu kwa lingine zikichambuliwa kwa urefu, vipini vya droo, vioo, miguu mizima inafungwa pamoja, mbao za zaidi ya futi mbili zinasimamishwa ukutani, chuma kinaenda kwa mnunuzi mwenye laiseni na risiti inabaki, saiprasi isiyo na rangi wala vanishi anauziwa mama wa samaki. Kinachobaki baada ya hapo ni kitambaa, sponji na chipbodi, na hicho mnalipia kibebwe, na gharama yake iwe imeandikwa kwa bajeti tangu siku ya kwanza.